Moshi wa Vyanzi, Samaki wa Mti

Machimboni, Kyerwa
4 Machi 1951

Kwa Dada Deodatha,

Shikamoo dada. Hujambo wewe, na mzee wetu Tata hajambo? Na yule ng'ombe mwekundu aliyenipiga teke, bado anajiona malkia? Mimi mzima, mashavu yamejaa, wasichana wa huku wananisalimia huku wanacheka, na ukiwauliza wanacheka nini wanasema hawajui. Kama na wewe una nguvu za kunikasirikia, basi nyumbani salama.

Dada, kaa chini kwanza. Mdogo wako aliyefukuzwa darasa la tatu kwa kumwiga padri akipiga chafya, leo ni fundi wa Wazungu. Sikiliza. Kuna Mzungu wa mashine hapa machimboni, sisi tunamwita Bwana Ndevu. Kila Jumapili anashuka mto Kagera na fimbo ndefu yenye uzi. Kwenye uzi hafungi mnyoo, anafunga samaki wa mti! Amechongwa huko Ulaya, ana rangi, ana macho, ana ndoana tumboni, na kambare wa mtoni, mjinga kuliko binamu yetu Projest, anadhani ni chakula, anameza. Juzijuzi kambare mmoja alikata uzi akaenda na samaki wa mti. Bwana Ndevu akawa kama aliyefiwa. Nikamwambia, "Bwana, mimi mtoto wa mchongaji. Nitakuchongea mwingine."

Nikachonga, dada. Mti wa murinzi, mwepesi, kama ule wa Tata. Kwa sura, Projest angemtia chumvi. Lakini maji! Nimempaka rangi ya mabati mara mbili, na bado kufika adhuhuri amevimba, rangi imetoka malengelenge, ndoana zimelegea, amelala ubavu kama mlevi wa rubisi. Bwana Ndevu akamshika mkia, akasema neno moja tu la Kiswahili: "Kuni."

Amenipa nafasi moja tena. Nikishindwa narudi shimoni kuchimba bati, kule ambako ukuta uliwaangukia wenzangu, na siku hiyo mimi niliponea kwa kuwa nilikwenda kujisaidia. Usicheke.

Sasa vyanzi vya Tata, vibuyu vyake vile vya mti, vinashika maziwa kutwa kucha bila kutoa jasho. Anaufungaje ule mti? Mimi alikuwa ananifukuza kila akifika hapo, anasema mikono yangu ni ya kupasulia kuni. (Huyu naye kuni!) Muulize wewe. Usimwambie ni kwa ajili ya samaki, unamjua. Na uniibie kibuyu kidogo cha samli.

Mdogo wako, fundi mkuu,
Yustus


Bweranyange
1 Aprili 1951

Mdogo wangu Yustus,

Marahaba. Sisi tuko salama kwa neema ya Mungu, migomba imebeba, kahawa imeota maua. Ng'ombe mwekundu ana ndama, anakusalimu kwa mguu wa nyuma. Barua yako Projest aliileta juu ya baiskeli yake ikiwa na madoa ya samaki wa kukaanga. Niliisoma nje, kisha nikanawa.

Nilimkuta Tata uani anasugua kyanzi kwa majani ya msasa. Nikamwuliza mti unafungwaje. Mkono wake ukasimama. "Ni Yustus anayeuliza?" Nikasema ndiyo. Kwani nilidanganya? Akaweka kyanzi chini. Yustus, Tata hajacheka vile tangu Mama akiwa hai. "Anachonga!" akasema. "Kumbe huko anachonga vyanzi!" Mimi nikanyamaza. Basi jua kwamba vyanzi vyako vyote umechongewa na kimya changu.

Alisema niandike, na alirudia kila neno kama anamfundisha mtoto sala. Mti ukauke kivulini, umefukiwa kwenye samadi kavu iliyopondwa, usije ukapasuka. Usugue mpaka ukiupitisha shavuni usijue ni mti. Uupashe moto wa mbali, na ukiwa bado na joto uulishe samli. Utainywa. Uulishe tena, na tena, mpaka ukatae wenyewe. Ushibe samli kabla haujaonja kitu kingine. Kisha ndipo moshi wa nyasi za mburara, polepole, kwenye chungu cha kufukizia, mpaka uwe na rangi ya kahawa iliyokaangwa. Mwisho utie maji, yalale humo. Asubuhi ufute kwa nje na kitambaa kikavu cha lubugo, lile gome la mti lililopondwa. Lubugo likitoka kavu, mti umefungwa.

Samli hukuhitaji niibe. Amekupa mwenyewe. Amekupa na kile kisu chake chenye ncha iliyopinda, na chungu cha kufukizia cha babu yake, amekifunga kwa majani makavu ya mgomba. Yeye amebaki na chungu kipya. "Hiki ni cha mwanangu," alisema, na Projest ni shahidi.

Yustus, chungu hicho hakijawahi kukaribiana na samaki. Unajua hapa kwetu mtu aliyekula samaki hashiki hata kamba ya ndama, sembuse chombo cha maziwa, ng'ombe wasije wakaanguka. Chukua samli, chungu kirudishe. Au mwandikie ukweli, nami nitamsomea nikiwa nimesimama mlangoni.

Dada yako,
Deodatha


Machimboni, Kyerwa
17 Juni 1951

Dada Deodatha,

Shikamoo tena, na nyingine ya akiba. Vipi vifua, maana mvua naona imewaloweka? Mimi sina ugonjwa isipokuwa kichwa kimekuwa kikubwa kwa sifa, kofia inakataa kuingia.

Nimeweza! Nimefuata maneno ya Tata hatua kwa hatua, kisha nikamzidi kidogo, usimwambie. Samli peke yake hubaki laini na rangi ya duka inateleza juu yake kama padri kwenye tope. Rangi nikaitupa. Nikayeyusha nta ya nyuki ndani ya samli, nikamchovya samaki angali na joto, nikamfuta, nikamrudisha kwenye joto, nikamchovya tena mpaka akatae. Halafu kabla ya moshi nikamzungushia nyuzi za mgomba, zimebana. Nikamtundika ndani ya chungu kichwa chini. Moshi ulipokwisha nikafungua nyuzi: chini yake pamebaki peupe, kwingine peusi. Magamba, dada! Mistari ya magamba, na hakuna brashi iliyomgusa. Macho nimemtia vipande vya waya wa shaba vya mashine.

Nikamlaza kwenye ndoo ya maji. Asubuhi nikamkung'uta maji, nikamfuta kwa lubugo. Kavu kama koo la katekista.

Jumapili Bwana Ndevu akavua kambare mrefu kama wewe, na mwenye sharubu kama wewe. Wanapenda harufu ya samli, hawa! Wao hawana mwiko. Bwana Ndevu akanipiga bega akasema kesho nisishuke shimoni, nikae karakana nichonge. Wenzake wa Bukoba nao wanataka. Dada, tangu Jumatatu hiyo ninafanya kazi huku naona mawingu. Hujui maana yake, wewe uliyezoea kuyaona.

Chungu nilikitumia, ndiyo. Usinikunjie uso. Hakuna moshi mwingine unaoshika vile. Nilijaribu debe, moshi ukawa mchungu na mti ukatoka mabaka. Na moshi hauna kumbukumbu ya jana.

Mwambie Tata kazi inakwenda vizuri na mti unakataa maji. Hapo uongo uko wapi?

Mdogo wako asiyeshuka shimoni,
Yustus


Bweranyange
9 Septemba 1951

Yustus,

Marahaba. Afya tunayo, ila Tata si sana. Kidole gumba cha kulia kimekakamaa, hakikunji tena. Anaweza kusugua, anaweza kupaka samli, lakini kuchimba tumbo la kyanzi hawezi. Na hana wasiwasi, ndilo linaloniua. "Mwanangu yupo," anasema.

Amekutangaza kila boma lenye ng'ombe. Mzee Rwezaura wa Bugene anamwoza binti yake Kokubanza baada ya Krismasi, na kyanzi cha harusi ameagiza kwako. Si kwa Tata, kwako. Tata alirudi kutoka huko anatembea kama kijana. Kisha wiki iliyopita ndama akakipiga teke kile chungu kipya, kikavunjika. Sasa Tata anataka utume kyanzi cha harusi pamoja na chungu cha babu yake, amalizie vyanzi vya majirani vinavyongoja moshi.

Nakuomba kama Mama angekuomba. Njoo mwenyewe. Njoo ukae mbele yake, umwambie, akupige akitaka, halafu mchonge pamoja. Kama huwezi, basi chungu usikirudishe. Kivunje, useme kimeanguka njiani. Mimi nitaapa hivyohivyo na nitakwenda kuungama peke yangu.

Dada yako,
Deodatha


Machimboni, Kyerwa
25 Novemba 1951

Dada yangu mpenzi na mlalamikaji,

Shikamoo. Mpe Tata pole ya kidole, mwambie changu kimoja ni chake. Mimi ni mzima ila mikono ina malengelenge ya heshima.

Kyanzi hicho hapo. Fungua taratibu! Nimekichonga Jumapili baada ya Jumapili, Bwana Ndevu akivua, mimi nimekaa kichakani nachimba tumbo la mti kwa kisu cha Tata. Dada, hiki si mchezo. Shingo ile, tazama shingo ile. Kifuniko ukikizungusha kinakaa popote bila kubishana. Nilikuwa nadhani mimi ni wa samaki tu. Nilipokimaliza nilikaa nacho mapajani nikaona haya, kama mtu aliyekutwa analia.

Kuja siwezi. Bwana Ndevu akinikosa siku chache, nyuma yangu kuna vijana wanaojifunza kwa kunichungulia. Nitakuja Pasaka.

Chungu nimejaribu kukivunja. Nilikiinua kweli juu ya jiwe. Chungu cha babu yake Tata! Mikono ikakataa, nami ndiyo mikono ninayoitegemea. Kwa hiyo nimekisugua kwa majivu, nimekichemshia majani ya mlimau, nimechoma mburara ndani yake kikiwa kitupu siku nzima. Nimenusa. Nimemwita Projest anuse, na Projest ana pua kama mlango wa kanisa. Akasema, "Hakuna samaki humu." Basi hakuna, nami ninakirudisha pamoja na kyanzi.

Mti wa kyanzi sikuuchovya nta, ni samli tupu na moshi, kama alivyosema. Tata atakitia maji. Atachukua lubugo. Dada, simama pale pale uone uso wake. Uniandikie neno kwa neno, usinipunguzie.

Mdogo wako,
Yustus mchongaji


Bweranyange
20 Januari 1952

Yustus,

Uliniambia nisikupunguzie. Sitakupunguzia.

Kyanzi kilipofika alikifungua mwenyewe. Alikitia maji, na kulipokucha alikifuta kwa lubugo, lubugo likatoka kavu. Akalitundika ukutani, chini ya msalaba. Akasema, "Sasa naweza kuzeeka." Kisha akafukizia vyanzi vya majirani vyote kwa kile chungu, na mimi nilikuwa nampa nyasi kwa mikono yangu.

Harusi ikapita vizuri. Baadaye ng'ombe wa Rwezaura wakaanza kuanguka. Bwana mifugo alikuja, akasema ni homa ya kupe, na watu wakakubali. Wangeendelea kukubali. Lakini Projest alikuwa Omurushaka anakunywa rubisi, na watu wakawa wanakusifu kwa kyanzi, naye akataka kuwaonyesha kwamba yeye anakujua zaidi. "Hicho ni kidogo! Mngeona samaki wake! Chungu kilekile! Mimi mwenyewe nilikinusa!"

Walikuja asubuhi, Rwezaura na wanawe. Hawakuingia uani. Waliweka kyanzi njiani, na Rwezaura akasema kwa sauti ya kusikika kwa jirani, "Mzee mwenzangu, binti yangu umemnywesha nini?" Tata hakuelewa. Aliwakaribisha ndani. Wakamweleza wakiwa wamesimama kulekule.

Walipoondoka aliniuliza, "Deodatha, ulijua?" Nikasema nilijua.

Alichukua fimbo akaenda boma kwa boma, akaomba vyanzi vyote vilivyopita kwenye chungu kile. Wengine walimpa bila kumtazama. Wengine walikuwa wameshavitupa. Akavirudisha kichwani, akavipasua kwa shoka, yeye mwenye kidole kisichokunja. Chungu alikiponda, vigae akavifukia mbali na zizi. Ng'ombe mwekundu na ndama amewahamishia kwa baba mdogo, anasema mikono yake haifai tena.

Kuni tunazopikia ni vyanzi. Ndizi zinanukia samli. Yeye hali.

Dada yako


Machimboni, Kyerwa
24 Februari 1952

Dada,

Shikamoo. Naandika nikicheka maana nikiacha kucheka sijui nitafanya nini.

Homa ya kupe! Bwana mifugo si amesema? Kupe hawakupanda ng'ombe kupitia kyanzi changu! Hao wa Bugene wangekuwa na akili wangeogesha ng'ombe zao. Na Projest nikimpata nitamfungia ndoana ulimini nimtumie kuvulia. Mwambie Tata nimesema hivyo. Au usimwambie.

Hapana. Usimwambie kitu. Ndani ya mzigo huu kuna samaki mmoja. Ndiye bora kuliko wote niliowahi kufanya, nimezungusha nyuzi kutoka kichwani mpaka mkiani, na kuna mahali moshi umekuwa mwekundu kidogo, sijui hata mimi imekuwaje. Ndoana nimezitoa. Mtie mkononi mwake ukae kimya. Hanitaki, sawa, lakini vidole vyake haviwezi kudanganywa. Vikipita juu ya mti ule vitajua nimesikiliza kila neno alilolisema. Kila neno, dada. Hakuna aliyewahi kunifundisha kitu kikaingia ila hicho.

Nikipata hata nusu ya neno zuri nitakuja Pasaka, nitakaa nje ya ua mpaka aseme ingia.

Mdogo wako,
Yustus


Bweranyange
20 Aprili 1952

Yustus,

Nilimtia mkononi kama ulivyotaka.

Alikuwa amekaa kizingitini. Alimgeuza, akampitisha shavuni, akamkwaruza kwa ukucha. Akamnusa. Nilijua hapo amemtambua, maana alifumba macho. Nikadhani atamtupa. Akaniambia nilete beseni la maji.

Alimlaza humo. Asubuhi akamkung'uta maji, akashusha lubugo kutoka ukutani, lilelile, akamfuta. Kavu. Alikaa na lubugo mapajani muda mrefu mpaka jua likaingia ndani. Akasema, na ninakuandikia neno kwa neno, "Moshi wangu mimi haukuwahi kushika sawasawa hivi." Halafu akasema, "Mwambie kazi nimeiona, haina kasoro. Na mwambie asije." Yote mawili kwa sauti moja, bila hasira. Angekuwa na hasira ningekuambia njoo.

Lubugo alilitia motoni. Samaki wako ninamrudisha kwenye mzigo huu.

Watu hawaulizii tena vyanzi. Madukani Omurushaka kuna vyombo vya bati vyeupe vyenye ukingo wa bluu, vya kukamulia, vinaoshwa mara moja na havihitaji moshi wa mtu yeyote. Tata aliona kimoja kwa jirani. Alikigonga kwa kidole akasikiliza, akaenda zake.

Jambo la mwisho. Ameniuliza kama bado nakuandikia. Nikasema ndiyo. Akasema mkono unaoshika barua zako usimpikie. Yustus, hana mwingine wa kumpikia. Unanielewa.

Mungu akutunze.

Dada yako,
Deodatha


Machimboni, Kyerwa
3 Agosti 1952

Dada Deodatha,

Shikamoo. Najua hutajibu, na zile mbili nilizotuma baada ya Pasaka najua ziko wapi. Sikulaumu. Hii nimempa dereva wa lori la kahawa. Projest simsemeshi. Natumaini Tata anakula.

Bwana Ndevu amekwenda Ulaya. Aliyekuja badala yake ana sanduku zima la samaki wa kiwandani, wana rangi za kila namna na wamepakwa kitu kinachong'aa kama kioo. Alimwangalia wangu, akauliza ni mwanasesere wa nani. Nimerudi shimoni. Mashavu yamepungua, wasichana sasa wananisalimia bila kucheka.

Kisu cha Tata bado ninacho. Sikumwambia mtu, ila ninachonga kyanzi. Samaki sijagusa tangu barua yako, kula wala kuchonga, na mikono nimeisugua kwa majivu mpaka imetoka ngozi. Mti niliukausha kwenye samadi. Nimeusugua, nimeupitisha shavuni. Samli nilinunua kwa watu wasionijua. Nimeulisha mpaka ukakataa. Lakini chungu sina, ninafukizia kwenye debe, nimebadilisha nyasi, nimebadilisha moto, nimefanya polepole kuliko alivyosema. Natia maji, nalala. Nikiamka kyanzi kinatoa jasho pande zote na lubugo linalowa mpaka nalikamua.

Samaki wangu wote, popote walipo huko mtoni, ni wakavu. Hiki kimoja kinavuja.

Dada, muulize Tata nimekosea wapi. Usimwambie ni mimi ninayeuliza.

Mdogo wako,
Yustus